Chini ya Macho ya Mwingine: Elimu ya Fundi wa Chombo

Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, jahazi huundwa bila mchoro. Hakuna karatasi yenye mistari wala hesabu iliyopigwa mapema. Fundi huulaza mkuku, yaani mti wa msingi wa chombo, juu ya magogo, karibu na nyumba yake au penye kivuli ufuoni, na kuanzia hapo umbo zima la chombo hutokana na jicho lake na mkono wake. Kazi huchukua miezi mingi, na mwenye chombo akiishiwa na fedha za mbao huweza kupita mwaka. Siku ya kushua ikifika, chombo huingia majini kikakaa sawa bila kulala ubavu, na kwa miaka mingi baadaye hubeba mchanga, mawe, boriti na watu kati ya visiwa. Kwa watu wa pwani jambo hilo ni la kawaida, lakini limebeba swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: anachokijua fundi huyo ni elimu kwa maana kamili, au ni mazoea ya mikono yanayongoja mtu mwingine ayaeleze ndipo yastahili jina hilo?

Swali linamhusu pia aliye mbali na bahari. Mkazi wa Kilimani, Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anaweza leo kununua michoro ya mashua kwa simu, akaagiza mbao, akafuata maelezo hatua kwa hatua nyumbani kwake. Akimaliza atakuwa na mashua. Je, atakuwa amekijua anachokijua fundi wa Matondoni? Jibu linategemea elimu hiyo inakaa wapi: kwenye maelezo, mkononi, au mahali pa tatu.

Ili swali lijibiwe kwa haki, inafaa kazi yenyewe itazamwe kwanza. Mkuku huchongwa kwa tezo kutoka mti mgumu usiooza upesi, kama mbambakofi. Kwenye ncha zake husimamishwa nguzo mbili, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma), na kadiri nguzo ya omo inavyolala mbele ndivyo chombo kitakavyopokea mawimbi. Kisha mbao za chini hupigwa kulia na kushoto. Katika viwanda vingi vya Ulaya mbavu za chombo ndizo hutangulia, mbao zikafuata. Desturi kongwe ya Bahari ya Hindi huenda kinyume. Mbao za mwanzo ndizo zinazoonyesha tumbo la chombo litakuwaje, na mataruma, yaani mbavu, hutiwa yakifuata mkunjo uliokwisha kujitokeza. Kwa hiyo umbo halikuwepo mahali popote likiwa limekamilika kabla ya kazi. Linakua kadiri ubao unavyopigwa, na kila ubao mpya ni uamuzi unaofungwa na maamuzi yaliyotangulia.

Mataruma hayapindwi kwa mashine. Hutafutwa yakiwa yamejipinda yenyewe mtini. Fundi hutazama matawi ya mikoko na ya miti mingine, akaona katika tawi moja taruma la omo, katika jingine la tumboni. Tawi lililonyooka mno likichongwa ili lifuate mkunjo, nyuzi za mti hukatwa njiani, na mti uliokatwa nyuzi hupasuka pale chombo kinapotikiswa na bahari. Likiwa na mkunjo wake wa asili, nyuzi hupita mwanzo hadi mwisho na nguvu hubaki. Vipimo ni vya mwili: dhiraa, shibiri, wanda. Upande wa kulia hupimwa kwa upande wa kushoto, kwa uzi na kwa kutazama kutoka mbali. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa nyuzi za pamba zenye mafuta ili maji yasipenye. Viungo vya mbao hukalafatiwa kwa pamba. Juu ya mkondo wa maji hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Chini yake hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia fukusi wa baharini wasiule mti.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja isiyo na sababu, na fundi anazijua sababu hizo. Hili lenyewe linatosha kuyumbisha kauli kwamba ana mazoea tu. Lipo pia jambo zito zaidi. Mazoea hurudia kilekile, ilhali fundi wa chombo hakutani na tawi lilelile mara mbili. Kila mti una fundo mahali pake, kila ubao una mvuto wake unapopashwa moto na kupindwa, na hakuna kanuni ya jumla inayoweza kusema mapema tezo isimame wapi. Anayefaulu katika mambo yasiyorudiwa anafanya hukumu, na hukumu ni kazi ya akili, hata kama akili hiyo inafanya kazi ikiwa imeshika mpini.

Dini mbili kubwa za Afrika Mashariki zina kisa cha mtu aliyeunda chombo nchi kavu kwa amri ya Mungu, na tofauti ya masimulizi yake inagusa swali hili moja kwa moja. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, Nuhu anatajiwa aina ya mti, vyumba, lami ya kupaka ndani na nje, na vipimo: dhiraa 300 za urefu, 50 za upana na 30 za kwenda juu. Katika Qurani, Surat Hud, hakuna kipimo hata kimoja. Nuhu anaamriwa aunde jahazi chini ya macho ya Mwenyezi Mungu na kwa wahyi wake, na wakuu wa kaumu yake wanapita wakimfanyia dhihaka. Wafasiri wa baadaye walitaja vipimo mbalimbali, nao walihitilafiana. Aya zenyewe zimenyamaza. Nuhu wa Mwanzo amepewa kitu kinachokaribia mchoro. Nuhu wa Surat Hud amepewa mwenye kumtazama.

Visa hivi havikuteremshwa ili kufundisha useremala. Mada yake ni utiifu na wokovu. Hata hivyo vinahifadhi sura mbili za namna ujuzi unavyomfikia mtendaji. Katika ya kwanza ujuzi hukabidhiwa kabla ya kazi, kama maneno na hesabu. Katika ya pili ujuzi huandamana na kazi, na hauachani na uwepo wa anayejua zaidi. Dhihaka ya wale wapita njia nayo ina maana yake. Kabla ya maji kuja, chombo kilichokaa nchi kavu hakina ushahidi wowote wa kuonyesha kwamba kimeundwa sawasawa. Ushahidi pekee alionao mwundaji ni jicho la yule anayemsimamia. Hali hiyo ndiyo hali ya kila mwanafunzi wa uundaji wa vyombo: mpaka siku ya kushua, hajui kama amefanya vema isipokuwa kwa uso wa mwalimu wake.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuidharau elimu ya mikono. Katika mkusanyiko wa Hadithi wa Muslim, Nabii Zakariya anatajwa kuwa seremala. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihesabu kazi za lazima kwa maisha ya watu, kama kilimo na ufumaji, kuwa faradhi ya kutoshelezana: baadhi ya watu wakizifanya, wengine wameondolewa jukumu, zisipofanywa na yeyote, mji mzima una dhambi. Kwa kipimo hicho, kwa watu wa visiwani ambao bila chombo hawafiki sokoni, shuleni wala hospitalini, kuwa na angalau fundi mmoja wa vyombo kunaingia katika ibada. Hoja hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inaiondoa elimu ya fundi katika mambo ya fahari na burudani na kuiweka katika mambo ambayo jamii itaulizwa.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alikwenda mbali zaidi. Kwake ufundi ni sifa iliyokita ndani ya nafsi kwa kurudia kitendo, nayo ni ya mwili na ya fikra kwa pamoja. Alisisitiza kwamba sifa hiyo hukita vizuri zaidi kwa kushuhudia kuliko kwa kusimuliwa, na kwamba ustadi wa mwanafunzi hufuata ustadi wa mwalimu. Katika mlango wa useremala alitaja uundaji wa merikebu, akaeleza kwamba kazi hiyo yahitaji jiometri, na akakumbusha kauli ya watu kwamba Nuhu ndiye aliyewafundisha wanadamu useremala. Kwa uaminifu wa mwanahistoria aliongeza kwamba kauli hiyo haina uthibitisho, kwa kuwa zama zimepita mno. Inaonyesha tu jinsi kazi hiyo ilivyo kongwe.

Wagiriki walikuwa na shaka zaidi. Plato, katika mazungumzo ya Kratylo, anasema seremala hutengeneza usukani chini ya uelekezi wa nahodha, kwa kuwa anayetumia kitu ndiye anayejua kama ni kizuri. Kuna kweli hapo: nahodha wa Lamu humwambia fundi kwamba chombo kinavuta upande wa demani au kinazamisha omo, na fundi husikiliza. Aristotle katika Metafizikia aliwaweka mafundi wakuu juu ya wafanyakazi wa mikono kwa sababu wakuu wanajua kwa nini jambo hufanyika na wengine hufanya tu. Mgawanyo huo ulifaa miji yenye watumwa wengi, ambako aliyeamuru na aliyechonga walikuwa watu wawili. Huko Matondoni ni mtu mmoja, na kwa sababu hiyo kipimo cha Aristotle mwenyewe kinampa fundi cheo cha juu. Aristotle huyohuyo, katika Fizikia, anasema kwamba ufundi haukai ukishauriana, na kwamba kama sanaa ya kuunda merikebu ingekuwa ndani ya mti, mti ungejifanya merikebu wenyewe. Maneno hayo mawili yakisomwa pamoja yanaeleza vizuri kile kinachoonekana ufuoni: fundi hasiti, na kutosita kwake kusichukuliwe kuwa kutofikiri. Mwaka 1949 mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle alilirudia jambo hili kwa lugha ya zama zetu alipopinga wazo kwamba kila kitendo cha busara lazima kitanguliwe na kanuni iliyosemwa kichwani. Kama ingekuwa hivyo, kuitumia kanuni nako kungehitaji kanuni nyingine, na nyingine tena, bila kikomo.

Nairobi ilishiriki katika mjadala huu kwa njia yake. Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliwakabili wasomi waliodai kwamba bila maandishi hakuna falsafa. Miongoni mwao alikuwa Paulin Hountondji wa Benin, aliyeshikilia kwamba falsafa ya Afrika ni maandiko ya Waafrika wenyewe. Oruka na wenzake walikwenda vijijini nchini Kenya wakawahoji wazee wenye hekima kuhusu Mungu, haki, usawa na kifo, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kuhusu falsafa ya wahenga. Alitofautisha kati ya mzee anayehifadhi na kueleza mawazo ya jamii yake na mzee anayeyapima mawazo hayo kwa akili yake mwenyewe, hata akayapinga.

Kazi hiyo ni ya heshima kubwa, na ilifungua mlango ambao bado haujapitwa na wote. Lakini ilikuwa na mpaka wake: mhojiwa alipaswa kusema. Kinasa sauti hunasa hoja zinazotamkwa. Fundi wa chombo akiulizwa kwa nini ubao wa tatu umepunguzwa upana kuelekea tezi, huenda akajibu kwa kuchukua ubao mwingine na kuushikilia pale, ili muulizaji aone mwenyewe maji yatakavyoteleza. Jibu hilo ni sababu iliyotolewa kwa mtu mwingine, nayo inaweza kupingwa na fundi mwenzake kwa njia hiyohiyo. Tofauti aliyoifanya Oruka kati ya wahenga wa aina mbili inapatikana pia kwa mafundi: wapo wanaounda kama walivyokuta, na wapo wanaojiuliza kama walivyokuta ni sawa. Wa aina ya pili hawajapata mwandishi wao.

Elimu ikikaa kati ya watu wawili, mmoja akitenda na mwingine akitazama, basi ina namna yake ya kufa. Historia ya mtepe yaonyesha hivyo. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa: mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi na vigingi vya mti, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa katika pwani hii vinatajwa tangu kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Omo ya mtepe ilifananishwa na kichwa cha ngamia wa Mtume, na ubavuni palichorwa macho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Maelezo yake hayakutoweka. Wasomi waliyaandika, na mifano midogo ikahifadhiwa katika makumbusho. Kilichokatika ni mnyororo wa wanaotazamwa na wanaotazama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe uliundwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, waundaji wakitegemea mifano hiyo, picha na maandishi. Oman ilikuwa na bahati nyingine ilipounda merikebu ya kushonwa kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Merikebu hiyo, Jewel of Muscat, ilisafiri hadi Singapore mwaka 2010. Washonaji wake wakuu walitoka Kerala, India, ambako mikono inayojua kushona chombo haijakatika. Maandishi yalitoa umbo. Kukaza kamba kulitoka kwa watu waliofundishwa kukaza na watu.

Hapa yupo mwenye kuweza kupinga: kama elimu hii hupitishwa kwa macho na kwa kurudia, haijifungi katika ya zamani? Jibu limepatikana Lamu kwenyewe. Mwaka 2018 kilishuliwa Flipflopi, chombo cha takriban mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa ufuoni na mijini, kazi ikiongozwa na fundi Ali Skanda. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Plastiki haina nyuzi za kufuata kama mti. Haivimbi inapoguswa na maji, hivyo viungo havijifungi vyenyewe, na jua likiwaka hupanuka kuliko ubao. Mtu mwenye mazoea matupu angekwama hapo, kwa sababu kila alichozoea kilitegemea tabia za mti. Mafundi wa Lamu walichonga mkuku, mataruma na mbao za plastiki kwa njia zao, wakirekebisha palipohitaji. Hawangeweza bila kujua kila jambo walilolizoea lilifanywa kwa ajili ya nini.

Sasa inawezekana kumrudia mwundaji wa Kilimani. Mtaa huo uliokuwa na nyumba za bustani pana umejaa majengo ya ghorofa, na mwenye uwanja wa kulaza mkuku ni mwenye bahati. Kando ya Barabara ya Ngong wamekuwepo kwa miaka mingi mafundi wa samani, mahodari wa kuunga vitanda na makabati. Kazi yao hukaa pakavu, na hukumu zao zimelelewa na ukavu huo. Mbao zilizokaushwa na hewa ya Nairobi zikibanwa kabisa ukingo kwa ukingo, zitakapoteremshwa Ziwa Naivasha zitakunywa maji, zitavimba na kusukumana, na misumari italegea. Zikiachwa wazi mno, kalafati haitashika. Mchoro unaweza kuandika nafasi ya wastani kati ya ubao na ubao. Hauwezi kujua ubao huu, wa mti huu, uliokaa jua hili, utavimba kiasi gani.

Mchoro nao ni jicho la mtu, lakini ni jicho lililotazama chombo kingine, mahali pengine, kisha likafumba. Anayeufuata kwa uaminifu hupata mashua inayoelea, na hilo si jambo dogo. Hupata pia sababu nyingi ambazo mchoraji ameziandika. Asichopata ni kule kusimamishwa mkono kabla ya kosa na mtu aliyeliona likija, na kule kuachwa akosee pale ambapo kosa lina faida. Vitu hivyo viwili ndivyo hasa vinavyomgeuza msomaji wa maelezo kuwa fundi. Mkazi wa Kilimani anayevitaka hana budi kumleta fundi wa pwani akae naye kazi inapoendelea, au kuteremka mwenyewe akaanze na kazi za mwanafunzi: kushika upande wa pili wa ubao, kuvuta keekee, kukalafati viungo vya chombo cha mtu mwingine, huku kazi yake ikitazamwa.